Badiliko la Mia Mbili na Kumi na Nne

Machame,
Jumapili, 18 Novemba 2007.

Dada yangu mpendwa Eunike,

Shikamoo dada. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiwa na afya, wewe na shemeji Daniel na wote mlio chini ya paa moja hapo Singida. Uliniandikia habari za goti, nami nimeliombea kila asubuhi bila kusahau, lile la kushoto kama ulivyosema. Uniambie kama sasa unaweza kusimama zamu nzima wodini au bado wanakuwekea kiti. Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Grace mke wangu anakusalimu sana, na anasema zile karanga ulizotuma zimekwisha. Amesisitiza niandike kwamba hilo si ombi, ni taarifa tu.

Kihamba kinatupa moyo mwaka huu. Vuli imekuja kwa wakati wake, migomba ya upande wa mfereji imebeba mpaka tumeiwekea miti ya kuegemea, na kahawa tunachuma mkono wa mwisho. Yule ng'ombe mwekundu amezaa jike. Mwanao Eliakim ndiye aliyemzalisha, mimi nilishika kamba tu na kutoa mashauri ambayo hakuna aliyeyafuata.

Sasa nije kwenye barua yako. Umeniarifu kwamba umemwandikia mwanao asikanyage kwako Krismasi mpaka kwanza aende akawaombe radhi Ebenezeri na walimu wa Sanya Juu kwa kuharibu kazi yao. Umesema siku alipopata kazi ile ulitoa sadaka ya shukrani mbele ya usharika mzima, na sasa watu wanakuuliza kazi imeishia wapi, wewe huna la kujibu. Ukamalizia kwa kunisihi mimi mjomba wake, niliyemlea wewe ukihamishwa hospitali hii na ile, nimkalishe chini nimkanye.

Dada, barua hiyo nimeisoma mara nne. Nakujibu kwa karatasi kwa sababu kwenye simu salio huisha kabla mtu hajafika kwenye jambo lenyewe, na hili nataka ulisikie lote tangu mwanzo, ndipo uhukumu. Najua wewe ni mtu wa sindano na vidonge, haya ya kompyuta uliyasikia kwa mbali. Nivumilie nikueleze kazi yetu ilivyo. Si ngumu. Mimi mwenyewe ni wa darasa la saba na cheti cha kupiga chapa, na nimeielewa.

Unakumbuka nilikuwa karani wa mizani pale chama cha msingi. Waliporuhusiwa wanunuzi binafsi, wakulima wakapeleka kahawa kwao, mizani ikabaki inapima vumbi, nasi tukaambiwa asanteni mwende salama. Ebenezeri, huyu fundi wa Marangu mwenye karakana ya kompyuta pale Moshi mjini, alinichukua kwa sababu aliwahi kuliona daftari langu la mizani. Alisema ni miaka ishirini na moja ya kuandika na hajaona mahali palipofutwa. Nilipokosea nilipiga mstari mmoja, namba ya zamani ikabaki inasomeka, nikaandika iliyo sahihi pembeni na jina langu. Basi nikaketishwa katikati ya vijana wa chuo, wakaanza kuniita Mzee Filemon, nikazoea.

Kompyuta tunazopokea ni za msaada, zimetumika maofisini Ulaya. Wenyewe kabla ya kuzitoa hung'oa kile kifaa cha ndani kinachotunza kazi zao, watu wasije wakasoma siri. Kwa hiyo zinafika zikiwa nzima lakini hazina kitu kichwani, ukiziwasha zinakutazama tu. Dawa yake ni diski, moja tu, ya kung'aa, kama hizi za nyimbo. Ndani ya diski hiyo tunaweka kila kitu: mfumo wenyewe unaoitwa Linux, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuushona upya kwa kipimo chake, kisha mazoezi ya hesabu, ya kuandika, ramani, na maneno yote kwa Kiswahili. Unaingiza diski, unawasha, kompyuta inafanya kazi ikisoma humo humo. Mwanafunzi akivuruga, unazima na kuwasha, kila kitu kimerudi kama kilivyokuwa asubuhi. Hilo hunifurahisha hadi leo.

Vitu hivyo vyote kabla ya kuchomwa kwenye diski hufungwa kuwa faili moja kubwa, sisi tunaliita imeji, na kulitengeneza tunasema kupika. Kupika kuna orodha: weka hiki, toa kile, badilisha pale. Orodha hiyo inatunzwa na programu nyingine ambayo tumeipa jina la daftari. Ukiongeza au kupunguza hata neno moja kwenye orodha, daftari linalipa badiliko lako namba, linaandika jina lako na saa, na linakudai sababu. Kufuta hakuna. Ukitaka kurudi nyuma utarudi, lakini hata huko kurudi kunapewa namba na jina la aliyerudi. Nilipoelezwa hivyo siku ya kwanza nilimwambia Ebenezeri kwamba hilo nimelifanya nusu ya maisha yangu, ila kwa kalamu. Akacheka, na haikupita muda akanifanya karani wa daftari. Kila badiliko nililisoma mimi kabla halijaingia, na imeji nilizipika mimi.

Lipo jambo moja zaidi la jikoni unapaswa kulijua. Kwa haki, kila imeji ingepikwa kwenye sufuria safi, yaani kila kitu kivutwe upya kutoka mtandaoni kwa kufuata orodha. Lakini mtandao wetu ni wa waya wa simu. Kuvuta upya ni siku mbili, na umeme ukikatika siku ya pili unaanza tena kama mtu aliyemwagikiwa maziwa. Kwa hiyo tulijizoesha kutoosha sufuria. Tunabakiza kilichomo, tunaongeza lile badiliko jipya tu, tunapika. Ndivyo tulivyofanya mwaka mzima na hatukuona tatizo.

Eliakim alikuwa fundi wetu bora, nasema hivyo si kwa kuwa ni damu yangu. Kwa miezi minane alikuwa akikusanya kamusi ya maneno ya sayansi kwa Kiswahili. Alikwenda shule kwa shule akiwauliza walimu wa fizikia na baiolojia wanasemaje wanapoishiwa Kiingereza mbele ya darasa. Mwezi wa tisa akaimaliza, akaiingiza kwenye orodha, na daftari likampa namba mia mbili na kumi na nne. Nikaisoma, nikaipitisha, nikapika imeji, tukachoma diski ishirini za kupeleka sekondari moja kule Sanya Juu.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi wa tisa. Mkuu wa shule, Mwalimu Theodora, alikuwa amepanga sherehe yenye heshima. Wazazi walikuja na mikungu ya ndizi, turubai lilifungwa, mgeni rasmi alitoka wilayani na hotuba yake mkononi. Akakata utepe, wanafunzi wakaketi, diski zikaingizwa. Kompyuta sita zikafunguka. Kumi na nne zikafika nusu ya njia zikakwama, ndani zinakwaruza kama kuku aliye juu ya bati. Tukazima, tukawasha, zikakwama palepale. Mama mmoja mzee kwenye benchi la mbele akasema kwa sauti kwamba labda hizi ni za Kikatoliki, leo Ijumaa zimefunga. Mwalimu Theodora, ambaye ndiye Mkatoliki mwenyewe, akamjibu kwamba wao Ijumaa hufunga nyama, umeme hawajaambiwa. Watu wakacheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko kama wangetutukana. Mgeni rasmi akaondoka na nusu ya hotuba.

Ebenezeri aliujua ugonjwa kabla hatujafika Moshi. Diski huandikwa kuanzia katikati kwenda ukingoni. Hizi zetu za bei rahisi, pale ukingoni huwa dhaifu, na visomeo vya kompyuta kuukuu vyenye vumbi haviwezi kupasoma. Diski hubeba megabaiti mia saba. Imeji yetu ya nyuma ilikuwa na uzito wa mia sita hamsini na tano, ikiacha nafasi ya kutosha. Hii ilikuwa na mia sita tisini na saba. Imejaa mpaka ukingoni.

Jumatatu alituita sote akafungua daftari mbele yetu. Kati ya imeji nzuri na imeji mbovu palikuwa na badiliko moja tu, namba mia mbili na kumi na nne, jina Eliakim. Eliakim akasema kamusi yake haizidi megabaiti nne. Ebenezeri akamwuliza hizo nyingine thelathini na nane zimeshuka kutoka mbinguni au vipi. Eliakim akajibu kwamba hajui, akaomba siku mbili aoshe sufuria apike upya ajue. Ebenezeri akasema siku mbili hana, shule tano zinasubiri. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kama karani, je, kuna badiliko lolote jingine baada ya mia mbili na kumi na tatu. Nikajibu kwamba kwenye daftari hakuna.

Basi Ebenezeri akalirudisha nyuma badiliko la Eliakim, kamusi ikatoka. Nikapika. Imeji ikarudi mia sita hamsini na tano kamili, tukachoma diski mpya, tukazipeleka Sanya Juu, kompyuta zote ishirini zikafunguka bila kukohoa. Kesi ikafungwa hapo. Eliakim akaambiwa kwamba mkataba wake utakapoisha Desemba hautaendelezwa, na kwa sasa apumzike nyumbani. Ebenezeri hakuwa mkali, nakuomba usimchukie. Ni mtu wa haki, alihukumu kwa ushahidi aliopewa. Ndipo habari ikakufikia huko Singida, sijui kwa mdomo wa nani, na ilipofika ilikuwa imeota mkia.

Sasa dada, kama umesimama, tafadhali keti.

Mwanao hakukosa. Aliyeijaza imeji ile ni mimi, ndugu yako Filemon.

Mwezi wa nane kwaya yetu ilirekodi wimbo wa asubuhi kwenye kaseti, pale kanisani, na ulitoka vizuri kweli. Nikapata wazo kwamba mwanafunzi akiwasha kompyuta, kitu cha kwanza kusikia kiwe ni sifa kwa Mungu. Nilimwuliza Ebenezeri. Akakataa kwa upole. Akanikumbusha kwamba shule tunazohudumia zina Walutheri, Wakatoliki na Waislamu, na tuliwaahidi wote kwa maandishi kwamba diski haitabeba dini ya mtu. Nikasema sawa. Niliikubali kwa mdomo, moyoni nikaona ameniona mshamba.

Mchana mmoja wenzangu walipokwenda kula, niliuweka wimbo ndani ya sufuria moja kwa moja, bila kupitia orodha. Ningepitia kwenye orodha daftari lingenidai sababu, na sababu niliyokuwa nayo haikuandikika. Sikujua hata kwamba sauti ina namna yake ya kupunguzwa uzito. Niliitia kama ilivyotoka kwenye kaseti, mbichi, megabaiti thelathini na nane. Kompyuta yetu ya majaribio haina spika, kwa hiyo hakuna aliyesikia kitu. Na kule Sanya Juu zile sita zilizofunguka hazikuwa zimeunganishwa spika, kwa hiyo wimbo wangu uliimba mbele ya mgeni rasmi na wazazi wote bila kusikika.

Nilijiambia kwamba namtumikia Bwana. Lakini wewe ni dada yangu, nikupe ukweli hadi chini. Katika wimbo ule besi ndiyo inayoanza peke yake, na besi ile ni mimi.

Ebenezeri aliposoma ule uzito Jumatatu, nilijua palepale. Aliponiuliza kama kuna badiliko jingine nikasema kwenye daftari hakuna, neno lenyewe lilikuwa la kweli, na nililichagua kwa sababu hiyo. Nimeshika mizani maisha yangu yote. Namjua mtu anayesema namba ya kweli huku ameweka kidole chini ya sahani. Kisha nikafanya baya zaidi. Kabla ya kupika ile imeji ya marekebisho, niliutoa wimbo kwenye sufuria kimyakimya. Ndiyo maana uzito ulirudi ulipokuwa. Wenzangu waliona kamusi imetoka na kilo zimetoka, wakasema, mmeona? Hakuna aliyenitazama mimi.

Nilikaa hivyo wiki sita. Nilikuwa nikiamka, nasali, nakwenda kazini, Jumapili nasimama na mchungaji nikiwagawia watu mkate wa Bwana kwa mkono huuhuu. Mwanao alikuwa hapa nyumbani akichuma kahawa na vibarua, ambao walikuwa wakimwita Injinia na kumwuliza kama ndoo nayo ina megabaiti. Alicheka nao. Nilijidanganya kwamba kijana msomi hakosi kazi, atapata Arusha, mambo yatajifunika.

Ndipo barua yako kwake ikafika. Aliipokea akiwa kwenye mashine ya kumenya kahawa, akaifungua kwa vidole vyenye utelezi, akaisoma amesimama. Alipomaliza akaikunja akaitia mfuko wa shati, akaniuliza kama tuianike ile kahawa ya jana sasa hivi au tusubiri wingu lipite. Nilikwenda nyuma ya zizi nikakaa. Nilikuwa nimemnyang'anya kazi, nikavumilia, lakini sasa nilikuwa nimemnyang'anya mama.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilikwenda mpakani nikakata jani la isale, nikalipiga fundo kama baba alivyokuwa akifanya akienda kuomba radhi, nikamfuata Eliakim alipokuwa akikata majani ya ng'ombe. Nilimpa, nikaanza kusema. Hakuniacha nimalize. Aliniambia, Mjomba, hilo ninalijua tangu wiki ya kwanza.

Alinieleza kwamba siku ile aliondoka karakana na diski moja kati ya zile zilizokwama. Alikwenda kwa rafiki yake pale Mawenzi mwenye kompyuta nzima, akafungua diski na orodha ya daftari kwa pamoja, akavilinganisha kimoja kimoja mpaka akakuta kitu kimoja kilichomo kwenye diski na hakimo kwenye orodha. Akavaa visikilizio vya masikioni. Alisema hakuhitaji kusikiliza zaidi ya neno la kwanza.

Nikamwuliza kwa nini hakusema, wakati alikuwa na ushahidi mkononi wa kumsafisha siku ileile. Akaendelea kukata majani kwanza. Kisha akasema kwamba alifikiri aende kwa Ebenezeri aseme nini: kwamba mzee wa kanisa, aliyemfundisha yeye mwenyewe asifute kosa bali alipige mstari aweke jina, ndiye aliyefanya hivi? Akasema alitaka niseme mwenyewe. Alikuwa amejipangia kunisubiri mpaka Krismasi, na baada ya Krismasi angeona. Hakusema angeona nini, nami sikuthubutu kuuliza.

Isale hakulichukua. Alinirudishia mkononi akitabasamu kidogo, lile tabasamu lenu la upande mmoja. Akasema baina yake na mimi yamekwisha niliposema, hahitaji jani. Akasema, lipeleke kwa yule aliyefunga mlango.

Jumatatu asubuhi niliomba wote wasianze kazi, nikasimama mbele ya Ebenezeri na vijana nikasema kama nilivyokuandikia hapa, hata ile habari ya besi. Ebenezeri akaniambia kwamba alikuwa tayari kusikia kwamba daftari lilimdanganya, maana mashine huharibika, lakini daftari halikumdanganya. Nilimdanganya mimi, nikalitumia daftari kama pazia. Akaniketisha kwenye kompyuta akaniamuru niirudishe kamusi ya Eliakim kwenye orodha, na mahali pa sababu niandike kwa maneno yangu mwenyewe. Niliandika hivi: Narudisha kamusi iliyotolewa bila kosa. Mimi Filemon niliweka faili la wimbo kwenye sufuria nje ya daftari, nikanyamaza Eliakim akalaumiwa. Daftari likalipokea likalipa namba mia mbili thelathini na moja. Litakaa humo maadamu karakana ipo, na kila fundi atakayekuja atalisoma.

Ufunguo wa daftari nimenyang'anywa, na ni haki. Siku hizi nafungua visomeo vya zamani na kuvisafisha vumbi kwa pamba na spiriti, kazi yenye manufaa, na naanza kuizoea. Sufuria inaoshwa kila mara, hata kama ni siku mbili. Ebenezeri amempigia Mwalimu Theodora na kumweleza, na amekuja hapa nyumbani mwenyewe, kwa miguu kutoka barabarani, kumwomba Eliakim arudi kuanzia Januari awe karani wa daftari badala yangu. Eliakim amekubali. Mchungaji naye nimemwambia. Nimeweka chini uzee wa kanisa mpaka Pasaka, naketi nyuma na Grace kama mtu aliyechelewa. Kwenye kwaya besi wamempa Thadeus. Anaanza chini mno, lakini si kazi yangu kusema.

Kwa hiyo mbele ya watu, mwanao amesafishwa. Limebaki neno moja tu, nalo ni lako. Eliakim amekataa kabisa kukata tiketi ya kuja huko. Nimembembeleza, Grace amembembeleza. Anasema mama yake alimwambia asikanyage, na kwamba mama ndiye wa kulitengua, si mjomba. Ameipokea hukumu yako kama mtoto mtiifu, ingawa alijua haimhusu. Hakukuandikia wewe barua ya kujitetea kwa sababu kila mstari wa kujitetea ungenitaja mimi.

Utakuta ndani ya bahasha hii jani la isale, limekauka kidogo kwa safari lakini fundo ni lilelile. Wewe ni binti wa kihamba hiki, sina haja ya kukuambia kwamba anayepelekewa isale hafungi mkono. Lakini nakuomba usianze na mimi. Mimi nisamehe baadaye, goti likipona, ukiwa na nafasi. Anza na mwanao. Namba yake ni ileile. Hupatikana jioni saa kumi na mbili na nusu, akishakamua.

Msalimie sana shemeji Daniel, na mwambie nimepokea mashauri yake juu ya nyuki. Wasalimie wauguzi wenzako walionikaribisha chai mwaka ule. Grace anakukumbatia. Mungu akutunze, akupunguzie maumivu, atukutanishe tukiwa na nyuso zinazoweza kutazamana.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kosa,

Filemon